Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: tupangie usiku wa kaskazi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini wewe na watumishi wenzako mu wazima. Nakuandikia kuhusu joto la jiji letu, na hasa kuhusu saa za usiku. Kuanzia Desemba hadi Machi, ikivuma kaskazi, upepo wa msimu wa joto, maisha ya watu wengi wa uswahilini yamehamia huko.

Pita Tandale, Manzese, Buguruni au Mbagala saa tano za usiku mwezi wa Februari. Mikeka imetandikwa barazani, watoto wanapepewa kwa kanga, wazee wako kwenye bao, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake na kashata ziko mkononi. Asiyejua atadhani kuna shughuli. Hao ni watu waliotolewa nje na vyumba vyao. Chumba cha kupanga ni kidogo, ukuta wa tofali za saruji, juu bati, dari mara nyingi hakuna. Tofali hilo limekunywa jua tangu asubuhi na usiku ndipo linapolitema. Dirisha limefungwa kwa hofu ya wezi, na tangu matukio ya panya road, vikundi vya vijana wahalifu, ya mwaka 2022 wengi hawathubutu kuliacha wazi. Feni ipo, ila luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya wapangaji wote. Umeme ukiisha saa saba, mchango utakusanywa asubuhi.

Joto letu linadharauliwa kwa sababu kipimo hakitishi. Mchana ni nyuzi 32 au 33, na kuna miji duniani inayopita 45. Lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, na mwili hujipoza kwa jasho linapokauka. Usiku nao kipimo huzunguka nyuzi 25, hivyo moyo uliofanya kazi ya ziada kutwa nzima hauponi hata gizani. Wa kwanza kuumia ni wazee, wajawazito, watoto wachanga, wenye presha na kisukari. Anayefuata ni yule aliyesinzia saa nane na saa kumi anatakiwa awe kituoni kuwahi gari la kwanza, kisha ashinde juani akibeba zege.

Mheshimiwa, mwaka 2025 Serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, zikafungwa taa na kamera. Lilikuwa jambo jema na nalipongeza kwa dhati. Mama anayeuza mboga au mitumba usiku anaokoa bidhaa zake na afya yake. Ombi langu ni kwamba fikra hiyohiyo ishuke hadi mitaani, kwa mtu asiye na cha kuuza wala cha kununua, anayetafuta tu mahali penye upepo.

Mahali hapo papo. Temeke kuna Mwembeyanga, Mbagala kuna Zakhem, Kinondoni kuna Biafra, mjini Mnazi Mmoja, na karibu kila kata ina uwanja wa shule ya msingi. Usiku viwanja hivi vingi ni giza au geti limefungwa. Niliwahi kukaa kwenye uwanja mmoja wa wazi na majirani, akina mama watano na watoto wao, saa nne usiku, tukijipatia hewa. Mgambo wakaja na tochi wakatutaka tuondoke kwa sababu za kiusalama. Hatukubishana, tukabeba mikeka yetu. Lakini bibi mmoja wa makamo ya sabini, mwenye presha, alirudi kwenye chumba ambacho ukigusa ukuta wake unahisi uvuguvugu, na mimi sikuweza kuona ni usalama gani tulioulinda pale. Uwanja wenye watu na taa ni salama kuliko uwanja wenye kiza na geti.

Hatutaki makubwa. Taa, bomba la maji ya kunywa, choo kinachofungika mlango ili mwanamke asilazimike kurudi nyumbani, na askari jamii wawili wanaojua kwamba waliokaa hapo ni wageni wao. Na mbu! Hapa sitaki mtu anielewe vibaya: kuwatoa watu nje bila kushughulikia mitaro ni kuwahamisha kutoka joto kwenda malaria. Dawa ya kuua viluwiluwi inatengenezwa hapo Kibaha, si ya kusubiri meli. Inyunyiziwe Novemba, kabla kaskazi haijakaza.

Naongeza jambo moja kuhusu kelele, maana najua mtu akisema maisha ya usiku wengine husikia baa. Sitetei spika zinazotikisa bati la jirani hadi alfajiri. Aliyehangaika na joto mpaka saa saba anastahili kimya kwa usingizi kidogo aliobakiza.

Wapo waliotutangulia, na baadhi yao hawatuzidi mali. Ahmedabad, India, ilipoteza watu zaidi ya 1,300 kuliko kawaida katika joto la Mei 2010. Mwaka 2013 ikawa na mpango wa jiji wa joto, wenye tahadhari za mapema, maji ya kunywa mitaani na mafunzo kwa wahudumu wa afya. Freetown, Sierra Leone, ilimteua Eugenia Kargbo mwaka 2021 kuwa ofisa wa masuala ya joto, wa kwanza Afrika, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwawekea vivuli wanawake wa masokoni. Dubai, yenye fedha zake, ilifungua fukwe za kuogelea usiku mwaka 2023, zenye taa na waokoaji. Sisi tuna Coco Beach na bahari isiyo na mwisho, na akizama mtoto usiku hakuna mwokoaji.

Kwamba tunaweza, tumeshajionyesha wenyewe. Ramadhani ya Machi 2025 iliangukia ndani ya joto hasa. Baada ya tarawehe mitaa iliwaka taa, biashara ziliendelea hadi daku, wanawake walitembea bila woga kwa kuwa kila kona ilikuwa na watu. Hakuna aliyetoa waraka. Watu walifanya wenyewe, na ofisi yako ikiweka mkono wake, usiku wa namna hiyo utadumu msimu mzima kwa wote, Waislamu na Wakristo.

Masika yakikaribia tunatangaziwa tuhame mabondeni. Naomba kaskazi nayo iwe na tangazo lake na kamati yake, na iwe na fungu. Halmashauri zinaandaa bajeti kati ya Januari na Machi, miezi hiyohiyo ya joto. Naomba safari hii kikao kimoja cha kukusanya maoni kifanyike usiku, saa tatu, Mwembeyanga au uwanja wa shule yoyote ya Tandale, ukiwepo wewe na wakurugenzi wako. Wenyeviti wa serikali za mitaa wajulishwe wiki moja kabla. Viti tutaleta sisi.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi wa Tandale