Kwa nini tunakulipisha pesa za kutembea

Wiki iliyopita mama mmoja alisimama mlangoni mwa ukumbi wetu wa mazoezi hapa Section 58, Nakuru, darasa la saa kumi na moja jioni likiendelea, akasema kwa sauti kwamba tumemla pesa. Alikuwa amelipa shilingi 12,000 za wiki sita. Wiki ya pili ilikuwa inakatika na hajagusa chuma hata kimoja. "Nimetembezwa, nimekalishwa kwenye kiti nikasimamishwa, nimefundishwa kupumua. Kupumua! Hayo hata mwanangu angenifanyia bure."

Ilituuma. Ilituuma zaidi kwa sababu mama huyu hakukosa hata siku moja, na tulikuwa tunajivunia jinsi anavyoendelea. Wala si wa kwanza. Tangu tuanze kupokea watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, lalamiko hili hurudi kila baada ya miezi miwili mitatu, karibu kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana naandika, ili atakayekuja kesho asome kabla hajatuma M-Pesa.

Wengi hutufikia wiki ya nne hivi baada ya upasuaji. Ukitazama kwa nje ni vitobo vidogo vichache tumboni, vimekauka, na mtu anajiona amepona. Kwa ndani hali ni nyingine. Aliyepunguzwa tumbo ameondolewa karibu robo tatu yake au zaidi, na ule mstari wote umefungwa kwa pini ndogo sana. Aliyefanyiwa baipasi amebaki na kifuko cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, na utumbo wake umeunganishwa upya. Zile sehemu za ukuta wa tumbo zilizopitishwa vyombo bado zinashikana. Halafu mtu mwenyewe anakula kidogo mno. Katika wiki hizo wapo wasiofikisha hata kalori 800 kwa siku. Huyo ndiye anayeniuliza kwa nini simpi chuma.

Madaktari wengi huwakataza wagonjwa wao kunyanyua zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki nne hadi sita. Watu husikia hivyo wakafikiria jimu peke yake. Hawafikirii jerikani ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kamili. Hawafikirii mtungi wa gesi, wala mjukuu anayekimbilia kubebwa. Tuna mteja anayefanya biashara ya mitumba. Wiki ya tatu baada ya upasuaji mzigo wake ulifika, kijana wa mkokoteni akachelewa, naye akaona aibu kusimama tu akiangalia. Beli la mitumba ni kilo 45. Alishika upande mmoja. Anasema hakusikia maumivu makali, alihisi tu kitu kimeachia karibu na kitovu. Ilikuwa ngiri, na ilimbidi arudi kwenye chumba cha upasuaji. Alipotujia baadaye alikuwa mtu wa kwanza kutuambia, "Kocha, mimi nianzishe polepole vile unavyotaka."

Sasa hilo la kutembea. Kutembea ni dawa ya kwanza kabisa baada ya upasuaji huu; hospitalini wanakuinua kitandani siku ileile au kesho yake. Damu ya mtu aliyelala sana hupenda kuganda kwenye mishipa ya miguu, na donge likitoka huko likaenda mapafuni, linaua. Ukifika nyumbani unaendelea: dakika tano, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, ndani ya ploti au hadi dukani na kurudi. Hizo wiki za kwanza hatukulipishi chochote, na hatutaki hata uje. Tunachokulipisha ni kinachofuata, na hapo ndipo tofauti yetu na mwanao ilipo.

Kabla hujapiga hatua moja, tunakupima presha na mapigo ya moyo, na tunakupima tena ukimaliza. Watu huona hilo ni kupoteza muda. Mwaka jana mzee mmoja kutoka Njoro alikuwa akinywa dawa za presha zilezile alizokuwa akinywa kabla ya upasuaji, na alikuwa amepungua kilo 19. Siku hiyo mashine ilisoma 92 kwa 58, yaani presha imeshuka. Alikuwa akisema kwamba anapoinuka macho yanaingia giza, lakini alidhani ni njaa. Hatukumfanyisha mazoezi. Tulimpigia daktari wake simu pale pale, na dozi ikapunguzwa wiki hiyohiyo. Wenye sukari hali yao ni kama hiyo: uzito unaposhuka, dawa ya jana huwa kali kupita kiasi leo. Mtu anayetembea barabarani Milimani na kijana wake hana anayemtazama hivyo. Akianguka, ameanguka.

Katika kutembea kwenyewe tunakusikiliza unavyoongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo. Ukikata maneno mawili mawili, tunapunguza. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Mombasa au hata Kisumu kuja kuuguzwa kwa ndugu zake hapa huona pumzi inakatika mapema. Hilo nalo tunaliweka kwenye hesabu.

Na kile kiti kilichomkera mama. Mwili unaopungua haraka hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Mtu anafurahia mizani kumbe mapaja yake yanakwisha. Kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono ni zoezi la misuli mikubwa kuliko yote mwilini, na halikazi tumbo kama kunyanyua vyuma. Tunahesabu unasimama mara ngapi kwa sekunde 30, tunaandika kwenye kadi yako. Mwalimu mstaafu mmoja alianza na mara 6 akishika meza. Baada ya miezi mitatu alifika 15, mikono ameikunja kifuani, na siku hiyo alinionyesha anavyoweza kukaa kwenye kigoda cha jikoni akainuka peke yake. Alikuwa hajafanya hivyo miaka minane. Ile kadi ameomba apewe, iko kwake ukutani.

Kupumua tunakufundisha ili ujue kukaza tumbo la ndani bila kubana pumzi. Anayebana pumzi huku akinyanyua anasukuma kila kitu kuelekea pale palipokatwa. Ukilijua hilo kabla ya dambeli, dambeli haitakudhuru.

Njia ya mkato inayonisumbua kuliko zote si kukimbilia vyuma. Ni kuficha. Wako watu wanaofanyiwa upasuaji huu, Nairobi au nje ya nchi, halafu hawataki mtu ajue. Wanaogopa kuambiwa walitafuta njia rahisi. Nimewaona watu hawa kwa miaka na nasema wazi: hakuna urahisi wowote hapo. Lakini nawaomba, mfiche shemeji, mfiche majirani, usimfiche anayekufanyisha mazoezi.

Zamani fomu yetu ya kujiunga haikuwa na swali la upasuaji. Kijana mmoja alijiunga na darasa la jioni kama mtu wa kawaida tu. Nusu saa kabla ya darasa alikunywa maji ya glukosi, kama wengi wanavyofanya ili wapate nguvu. Tukiwa tunapasha mwili akaanza kutokwa jasho jembamba, moyo unamwenda mbio, tumbo linamkata, anatetemeka. Sisi tukadhani sukari imeshuka, tukampa soda. Akazidi. Alikuwa na baipasi ya miezi minne, na sukari ya kunywa kwa mtu wa baipasi humwagika kwenye utumbo kwa kishindo na kuleta hali hiyohiyo tuliyoiona. Tulimwongezea sumu kwa mikono yetu. Alipona baada ya kulazwa chini na kupumzika, lakini mimi sikulala usiku ule. Siku iliyofuata fomu ilibadilika. Swali la upasuaji ni la kwanza, na hatuanzi na mtu bila barua ya daktari wake. Ukisema barua inakuchelewesha, nitakuelewa, na bado nitaisubiri.

Maji ni jambo jingine. Tumbo dogo haligugumii. Lita moja na nusu ya siku nzima inaingia kwa funda ndogondogo, tangu asubuhi, na si pamoja na chakula. Kijana mwingine, wiki ya tano, aliandamana na wenzake Jumamosi kupanda Menengai. Kilele kile ni mita 2,278, jua la saa sita halina huruma, na wenzake waliosimama kunywa chupa nzima kwa pumzi moja waliweza kuendelea. Yeye alijaribu kunywa kama wao, akatapika yote. Walimshusha kwa bodaboda hadi kliniki akawekewa dripu. Kwetu unakuja na chupa yako, na kila dakika chache tunasimama, unapata funda moja, tunaenda.

Sitapu hatufundishi kwa wiki nyingi za mwanzo, hata ukituletea video ya simu. Mkanda wa kiuno wa kubana ule unaouzwa mjini hatuutaki ndani ya ukumbi. Kama daktari wako amekupa mkanda wa hospitali, huo ni wa kazi nyingine na unauvaa alivyokuelekeza. Ngozi inayoning'inia baada ya kilo nyingi kuondoka haiondoki kwa mazoezi, na yeyote anayekulipisha kwa ahadi hiyo anakudanganya. Misuli iliyo chini yake tunaweza kuijenga. Ngozi hatuwezi.

Na maumivu ya misuli yakikujia, tafadhali usikimbilie chemisti kununua diklofenaki au ibuprofeni. Hasa aliyefanyiwa baipasi: dawa hizo huweza kumtia vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Muulize daktari wako, wengi huruhusu paracetamol. Nalirudia hili kila wiki kwa sababu kila wiki kuna anayekuja akiwa ameshameza.

Kuna siku hatutakufanyisha chochote, tutakupeleka hospitali. Mguu mmoja wa chini umevimba na unauma. Pumzi inakatika ukiwa umekaa. Homa. Mapigo yanazidi 120 kwa dakika bila wewe kufanya kazi yoyote. Kutapika kusikoisha. Hapo hakuna kusubiri kesho, na siku hiyo hatuihesabu kwenye vipindi ulivyolipia.

Turudi kwenye bei. Shilingi 12,000 ni vipindi 18, vitatu kwa wiki, yaani kama shilingi 667 kwa kipindi. Najua jimu za mjini zina kadi ya mwezi kwa pesa ndogo kuliko hiyo, na ni jimu nzuri, hata wateja wetu huhamia huko wakishakomaa. Lakini huko mwalimu mmoja anatazama watu thelathini. Hapa hatuzidi wanne kwa kipindi. Ndani ya pesa hiyo kuna saa nzima ya kukupima siku ya kwanza, simu kwa daktari wako, kadi yako, na mimi au mwenzangu tukiwa kando yako, si tukiwa kwenye simu. Tukishusha bei tutalazimika kuongeza watu, na tukiongeza watu hatutamwona yule mzee wa 92 kwa 58.

Watu huuliza pia kwa nini mizani imegoma wiki ya tatu au ya nne ilhali wanajitahidi. Hutokea karibu kwa kila mtu, na huachia yenyewe. Usipunguze chakula zaidi. Angalia protini: wengi huambiwa wafikishe angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Maziwa lala, omena iliyosagwa ikawekwa kwenye supu, ndengu laini, vyote vinasaidia kulingana na hatua ya chakula uliyofikia. Misuli haijengwi kwa uji mtupu.

Kwa yule mama wa wiki iliyopita, kama unasoma: vipindi vyako 12 vimebaki kwenye rejista. Ukitaka pesa, ni shilingi 8,000, tutakurudishia siku utakayotaka na hatutakununia. Lakini Jumatatu unatimiza wiki ya sita tangu upasuaji. Siku ya kwanza ulisimama kutoka kwenye kiti mara 7, Ijumaa ulisimama mara 11. Daktari wako akiandika kwamba unaweza kuanza kunyanyua, njoo na hiyo barua. Dambeli za kilo mbili nimeshaziweka kando ya kiti chako.