Kaka, sigara ile niliikanyaga na ningeikanyaga tena

Kaka,

Tangu harusi ya binti yako hupokei simu zangu, basi nakuandikia hapa, na mwenye kusoma asome.

Unalalamika kwa kila mtu kwamba nilikuaibisha mbele ya wakwe. Ulikuwa nyuma ya hema pale South C, umeegemea gari, tai umeilegeza mpaka kovu la kifuani linaonekana, sigara mkononi. Ukawa unawaambia, "Mimi nilishatengenezwa moyo. Dawa ni za wagonjwa." Shemeji akainamisha kichwa. Mimi nikainyakua.

Kutengenezwa moyo! Ugonjwa haukuondolewa, kaka. Ulipopasuliwa, damu ilipitishwa tu kando ya mishipa ya moyo iliyoziba, kwa mshipa mmoja wa ateri wa kifuani na vipande vya mishipa ya vena vilivyotolewa mguuni. Ile ateri hudumu: baada ya miaka 10, kama tisa kati ya kumi huwa bado zinapitisha damu. Vena za mguuni, karibu nusu huwa zimeziba au zimeharibika kufikia hapo. Aspirini na ile statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, ndizo zinazozilinda, na sigara ndiyo inayozimaliza. Nawe uko mwaka wa tisa tangu upasuliwe.

Sikuchukii. Nani alikushikia mto uukumbatie kila kikohozi kilipokujia, mfupa wa kifua ukiwa bado haujaunga? Nani alikuwa akikunyanyulia ule mguu uliovimba? Na ulipong'ang'ania stenti, kile kijibomba cha kupanua mshipa bila kupasua kifua, kwa kuogopa kisu, mimi ndiye niliyesimama na daktari, kwa sababu una kisukari na mishipa mitatu ilikuwa imeziba. Utafiti wa FREEDOM, uliotoka 2012, uliwafuata wagonjwa 1,900 wenye hali kama yako: baada ya miaka 5 walikuwa wamefariki kama 16 katika kila 100 waliowekewa stenti, na 11 kwa waliopasuliwa. Sikukushauri vibaya. Hata harambee niliizungukia mimi, Kariokor mpaka Eastleigh, huku watu wa ukoo wetu wenyewe wakisema tunatupa pesa. Hao ndio unaokunywa nao chai sasa, mimi ndiye adui.

Shemeji ameniambia dawa za mwezi jana ziko kabatini, pakiti haijafunguliwa. Usimgombeze, nilimbana mimi.

Kliniki ni Jumatano. Nitakupitia saa moja asubuhi. Ukitaka tusisemezane njiani, sawa, nitanyamaza hadi turudi.