Msiuze majipu (magari ya Jeep) ya zamani kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kwenye gazeti lenu ati hizi gari za zamani zilizolala nyuma ya magaraji ni uchafu tu, zipelekwe zote skrepu zikayeyushwe tupate nondo, na kwamba sisi tunaozitengeneza ni watu wenye pesa ya kuchezea tunaiga wazungu. Nilisoma nikacheka, alafu nikakasirika, maana hiyo pesa ya kuchezea mimi bado sijaionja. Nauza spea za matatu hapa Bombo, jioni nikifunga duka ndo naingia chini ya jipu na tochi mdomoni, na kila mwezi nikipata faida kidogo inaenda kwa kitu kimoja, mwezi huu bushi za springi, mwezi ujao gasketi, hivo hivo. Wenzangu kwenye hii kazi ni walimu, askari wastaafu, kuna dereva wa lori, kuna daktari mmoja naye ndiye anayelia njaa kuliko wote. Tajiri wa kweli ananunua Land Cruiser mpya, analala usingizi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Jipu la asili ni la vita, la Marekani. Mwaka 1940 jeshi lao lilitaka kagari kepesi ka kupita popote, kampuni moja ndogo inaitwa Bantam, ya Butler huko Pennsylvania, ikaleta la kwanza mwezi wa 9, mchoro wa Karl Probst, lakini Bantam walikuwa wadogo mno hawangeweza kutoa idadi iliyotakiwa, basi kazi kubwa wakapewa Willys wa Toledo na Ford, na mpaka vita vinaisha 1945 hao wawili walikuwa wametoa zaidi ya laki 6. Injini silinda nne, lita 2.2, nguvu ya farasi 60 tu. Kijana mwenye Subaru atakucheka, lakini muonyeshe kilima cha udongo mwekundu siku ya mvua alafu mkutane juu, kama atafika.

Na msiseme hayatuhusu. Wazee wetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walikutana nayo Burma, mwaka 1944 vijana wa Uganda walikuwa huko na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye bonde la Kabaw, masika, matope, hakuna barabara ya maana. Nikiwa mdogo hapa Bombo kulikuwa na wazee wanakaa kwenye baraza wanahadithia hizo gari utadhani ni askari mwenzao aliyekufa. Hata Land Rover, ambayo ndiyo nyingi hapa kwetu kushinda jipu lenyewe, ni mtoto wake. Maurice Wilks wa Rover alikuwa na jipu la vita analitumia shambani kwake Anglesey, gari la kwanza la majaribio wakalijenga juu ya chesisi ya jipu, na Land Rover yenyewe ikaonyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Bodi wakaweka aluminiamu kwa sababu Uingereza chuma kilikuwa cha mgao wakati ule, ndo maana mpaka leo ukikuta Land Rover ya mashamba ya chai bodi inang'aa ila chesisi inamomonyoka ukiigusa na bisibisi.

Sasa huyo msomaji anasema kazi yenyewe haina faida wala elimu. Ndugu yangu, njoo siku moja. Jipu ukilipata usimuulize mwenyewe kama ni Willys au Ford, hajui, lala chini uangalie chuma kinachounganisha chesisi mbele ya radieta, kikiwa bomba la duara hiyo ni Willys, kikiwa cha kukunjwa kilicho wazi upande wa chini hiyo ni Ford. Alafu chukua brashi ya waya usugue vichwa vya bolti. Ford alikuwa na kijicho na mali yake, kila mahali kagonga herufi F, kwenye bolti, kwenye mabano, mpaka vitu ambavyo hakuna mtu angeviiba. Na usishtuke ukikuta gari moja ina vya Willys na vya Ford pamoja, jeshini walikuwa wanatoa hapa wanafunga pale ili mradi iondoke.

Ukishajua jina lake, toa viti. Tenki la petroli liko chini ya kiti cha dereva, limekaa kwenye shimo la sakafu, hilo shimo linaweka maji na matope kwa hiyo linaoza kwanza. Pili, chini ya sakafu kuna mikanda ya bati iliyokunjwa ya kushikilia bodi, na humo ndani kiwandani waliweka mbao. Mbao! Inanyonya maji ya mvua na haikauki, inakula bati kutoka ndani wewe ukiangalia juu unaona rangi nzuri tu. Yangu nilivyofungua nilitoa unga mweusi na mchwa. Mafundi wa bodi wa haraka haraka wanapiga puti ya kuzibia matundu hapo juu wanapaka rangi wanakuuzia, kwa hiyo ukienda kununua beba sumaku ndogo mfukoni, ipitishe chini pote, pale isiposhika hapo umeuziwa puti.

Na kitu kimoja nakiandika hapa kwa ajili ya wale vijana wa pancha, gazeti likiwafikia. Jipu la vita lina rimu za vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati kuzunguka. Zile nati zisiguswe tairi likiwa na upepo, hata kidogo, toa upepo wote kwanza, toa na vali yenyewe. Ukifungua ikiwa imejaa kile kipande kinaruka kama risasi na kinaua.

Umeme wake ni volti 6, na betri ya volti 6 yenye nguvu ya kupiga stata ya gari siku hizi ni kuitafuta na mshumaa, kwa hiyo wengi tunahamia volti 12, unabadilisha dinamo, koili na balbu zote, stata ya zamani yenyewe inavumilia mradi usiishikilie muda mrefu. Wale wanaotaka kila kitu kiwe cha asili watanitukana, sawa tu, mimi nataka gari inayowaka. Ila taa za mbele, ukiacha balbu, sijazigusa, maana zina bawaba, unafungua nati moja unaigeuza taa iangalie injini, unatengeneza gari lako usiku kwa mwanga wa gari lenyewe. Nani anakupa hiyo leo?

Mafundi tunao, hapo ndo uchungu ulipo. Katwe, kule Kampala, kuna watu ukiwapa kipande kilichooza wanakukunjia kingine kwa nyundo na jicho tu, kikikaa pale huoni tofauti. Kukereza bushi, kushona turubai, kuchomelea, vyote vipo. Kiseka, soko la spea Kampala, spea ya jipu huwezi kuikuta kwenye rafu, lakini mtu wa beringi ukimpelekea ya zamani anapima, anasoma namba, anakuletea. Kilichobaki tunaagiza India, kwa sababu kampuni ya Mahindra walianza kuunganisha majipu ya Willys mwishoni mwa miaka ya 1940 na wakaendelea kuyatengeneza miongo mingi, kwa hiyo vitu vingi vya injini na vya difu bado vinapatikana huko kwa bei ya binadamu wa kawaida. Kazi hii inalisha vijana, na bado sijataja harusi na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, watu wanavyolipa bwana harusi afike na gari la wazi la zamani.

Shida yetu ni mbili, gesi ya kukatia na karatasi.

Kuna taasisi moja, sitaitaja, ilikuwa inaondoa magari yake yaliyokufa. Nikapata habari nikawahi. Uani nikakuta Land Rover mbili za Series II na jipu moja la Willys, halina injini lakini bodi imekamilika, hata kioo cha mbele kile cha kulaza kipo. Naulizia naambiwa rundo lote limeshauzwa kwa mtu wa skrepu, kwa uzito, pamoja na makabati ya chuma na mageti. Nikamfuata huyo wa skrepu, hakuwa mtu mbaya, akasema yeye hana tabu, nimlipe kilo yake na nusu juu nichukue. Lakini afande wa geti akasema hapana, masharti ya mnada ni kwamba kila kitu kinatoka kimekatwa, kikitoka kizima kitarudi barabarani bila kadi na wao wataulizwa. Tukabishana weee. Kijana akawasha gesi akaanzia mbele kwenye reli ya kushoto ya chesisi, pale pale penye kibati cha namba. Kile kibati ndo kitambulisho cha gari, bila hicho hata ukiunga vipande vyote unabaki na chuma kisicho na jina.

Sasa mhariri, angalia hesabu. Sheria ya 2018 ilikataza kuingiza nchini gari yenye miaka 15 na zaidi tangu itengenezwe. Mimi sina ugomvi na hiyo sheria, Kampala ilishajaa moshi na gari zilizochokwa Japani. Lakini maana yake kwetu ni kwamba majipu na Land Rover za zamani zilizopo ndani ya mipaka ndo hizo hizo, nyingine haziji kirahisi. Ikikatwa moja imeisha. Mtu wa skrepu kesho atapata chuma kingine, kitanda, tenki, reli, mimi nitapata wapi chesisi ya 1943?

Wengine walishalifikiria hili. Uingereza gari ikifikisha miaka 40 haidaiwi kodi ya barabara. Ujerumani miaka 30 inaweza kupewa namba ya gari yenye herufi H mwishoni, ikipita ukaguzi kwamba imetunzwa katika hali yake ya asili. India, ambao si matajiri kutuzidi sana na foleni zao ni kama zetu au mbaya zaidi, mwaka 2021 waliweka kanuni ya magari ya miaka 50 na zaidi, yana namba zake zenye herufi VA, hayaruhusiwi biashara wala kwenda nayo kazini kila siku, ni maonyesho, safari za pamoja, matengenezo na kujaza mafuta. Kwa hiyo anayeogopa kwamba watu watajificha humo waendeshe mikweche ya teksi, jibu lipo tayari limeandikwa, ni kunakili.

Ninachoomba Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na hao wanaopanga minada ni kidogo. Gari lolote lililotengenezwa kabla ya, tuseme, 1975, litengwe na makabati, liuzwe peke yake na likiwa zima. Mnunuzi apewe barua yenye namba ya chesisi inayosema gari limetoka wapi, hata kama logibuku, yaani kadi ya gari, ilipotea wakati wa vita vya 1979, maana nyingi zilipotea na kila mtu anajua. Hiyo barua itoshe kuombea usajili, likaguliwe breki na usukani, hasa breki kwa sababu haya yana mfumo mmoja tu wa breki za mafuta, ukipasuka mpira mmoja magurudumu yote manne yanakuaga. Likishindwa ukaguzi lirudi garaji, si skrepu. Na bei wapandishe wakitaka, sisi tutalipa zaidi ya mtu wa mizani, serikali haitapoteza hata shilingi.

Na wewe msomaji uliyeanzisha haya maneno, sina kinyongo. Ila uliandika kwamba nyuma ya nyumba ya marehemu babu yako kuna "jipu bovu" unataka kuliondoa ulime mchicha. Kabla hujamwita mtu wa gesi naomba usugue bolti moja ya mbele uangalie kama kuna herufi F. Gia boksi yangu imekwisha meno ya namba mbili, natafuta T-84, ndiyo gia boksi ya jipu la vita, na hata kama ya babu yako imekufa nitanunua kifuniko na shafti zake. Mchicha utalimia hapo hapo, nitakuja kulivuta mwenyewe. Mhariri anayo namba yangu.

Ni mimi msomaji wenu,
Bombo, Luweero