Barua kwa mwanangu: kabla sijakupa pesa ya tiketi

Yambo sana, mwanangu.

Sauti uliyonitumia kwenye telefone kuhusu safari yenu ya kutembea kwa miguu pwani ya Afrika Kusini nimeisikiliza yote, na baba yako nikamsikilizisha. Yeye alicheka tu. Mimi nimeona nikuandikie, maana nikikupigia utaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku akili iko kazini, na jioni hutakumbuka hata nusu. Barua utaifungua tena ukiwa umekaa kiwanja cha Luano unangoja ndege.

Pesa ya tiketi nitakupa, hilo tusilijadili. Bado sielewi kwa nini kijana mwenye kazi yake Kolwezi alipe ili abebe mzigo mgongoni siku tano, wakati hapa Katuba, Lubumbashi, watu wanabeba magunia ya makaa tangu alfajiri na hakuna anayewapiga picha. Lakini ni umri wako wa kutembea, na wenzako wawili nawajua, si wahuni. Nendeni.

Ila tarehe mliyochagua siitaki.

Ulisema mtatua Mthatha Jumamosi saa nane mchana, jioni muwe Port St Johns, Jumapili asubuhi mwanze kutembea kuelekea Coffee Bay. Ulivyosema ni kama safari inaanzia kwenye ndege. Mwanangu, safari hiyo inaanzia kwenye mito. Kati ya Port St Johns na Coffee Bay ni kama kilomita 60 za ufuko na vilima, na njia nzima inakatwa na mito inayoingia baharini: Mngazi, Mngazana, Mtakatye, Mdumbi, halafu ule mkubwa wa Mthatha wenyewe. Mingi haina daraja pale mdomoni. Unavuka kwa miguu maji yakiwa yamepwa, au kwa mtumbwi wa mwenyeji, au unakaa chini unangoja. Kwa hiyo anza kuhesabu kwenye maji, rudi nyuma mpaka siku ya kulala Port St Johns, rudi tena mpaka siku ya kutua, ndipo ukate tiketi. Tiketi ni ya mwisho.

Sisi wa Lubumbashi haya mambo ya maji kujaa na kupwa hatuyajui. Nimeyajulia Dar es Salaam, miaka ile nilipokuwa nafuata vitenge. Nililala Kigamboni kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa mvuvi. Asubuhi nilitoka nje nikakuta ngalawa zimelala ubavu juu ya matope, kamba za nanga zimelegea chini, watoto wanaokota chaza mahali ambapo jana jioni kulikuwa na maji ya kumzamisha mtu. Nikadhani kuna jambo baya limetokea. Mama yule akaniambia nitulie, ni bamvua hiyo, saa kumi bahari itarudi mpaka kwenye mnazi ule. Na ilirudi.

Sasa sikiliza vizuri. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Na pwani ile ya Afrika Kusini, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Siku za mwezi nusu hupwa saa tisa au saa kumi alasiri. Nimeangalia kalenda ya parokia, inaonyesha mwezi: Jumapili yenu ni mwezi nusu. Maana yake mtafika mtoni asubuhi maji yamejaa, mtakaa mpaka alasiri, mtavuka, na Julai kule jua linazama saa kumi na moja na dakika kidogo. Mtatafuta mahali pa kulala gizani, nguo zimelowa, na huo ni msimu wao wa baridi kama sisi.

Mkianza siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, siku ya kwanza mnavuka karibu na saa nne au saa tano, kesho yake inasogea dakika 50, kesho kutwa vilevile, na siku ya tano bado ni mchana wenye jua. Usiku mna mbalamwezi juu. Jeshi la majini la Afrika Kusini huchapisha jedwali la maji kila mwaka. Tazameni mstari wa Durban na wa East London, ninyi mko katikati. Msichukue maneno yangu tu, mimi ni mama wa vitenge.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri, hapo nawasifu. Mvua yao ni ya kiangazi, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi. Julai mito inakuwa midogo na maji ni maangavu. Ndipo pia dagaa wa kule, wale wanaoitwa sardini, wanapopita kwa makundi kwenda upande wa Durban, na nyangumi wanaonekana kutoka vilimani. Ukiona nyangumi nitumie picha, baba yako haamini.

Haya, sasa njia yenyewe.

Luano mwende mapema na kadi ya manjano mkononi. Ya chanjo ya homa ya manjano, siyo kopi. Anayetoka Kongo bila kadi hiyo hapiti Johannesburg, hata viza yake iwe nzuri namna gani. Johannesburg mtagonga muhuri pale, kisha mtachukua mizigo yenu yote kwenye mkanda, hata kama wa Luano wamewaambia itafika Mthatha yenyewe. Mtapita forodha nayo, halafu mtaikabidhi upya upande wa ndege za ndani. Foleni ya paspoti inaweza kula saa nzima. Msiweke chini ya saa tatu kati ya ndege mbili, maana za kwenda Mthatha ni chache, na ikikuacha hiyo hakuna ya kukimbilia. Mtu akishika mkoba wako kabla hujamwita, tayari ana bei yake kichwani. Mwambie asante, endelea kutembea.

Dola hapa tunanunulia hata nyanya. Kule duka halipokei dola. Badilisheni Johannesburg au mtoe rand kwenye mashine, na mkifika Port St Johns muwe na noti ndogo ndogo, kwa sababu mbele ya hapo ni vijiji: mwenye mtumbwi na mama wa kuwalaza hawana chenji ya noti kubwa.

Chupa ya gesi ya kupikia msibebe. Haipandi ndege, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini. Vijana wengi wanaona wameerevuka, wananunua Johannesburg, halafu wanasahau kwamba bado kuna ndege ya pili. Kama lazima mpike, gesi ni ya kununua baada ya ndege ya mwisho, Mthatha mjini. Kisu kiwe kwenye mzigo wa chini, betri ya kuchajia telefone iwe mkononi. Lakini mimi naona mwachane na jiko kabisa. Vijiji vya njiani vinapokea wageni kwenye nyumba zao za mviringo za nyasi, mnalala na kula cha wenyeji, na mzigo mgongoni unapungua. Bukari yao, ugali wa mahindi, mtaijua mara moja. Kalanga na kapenta, dagaa wetu, kidogo nitawafungia, mseme mnavyo forodhani wakiuliza. Nyama na matunda acheni nyumbani.

Mthatha kiwanja ni kidogo, kiko nje ya mji, na msitegemee kukuta taksi zimepanga foleni. Pangeni kabla na nyumba mtakayolala waje kuwachukua. Na hapo ndipo penye shauri langu kubwa: msikimbilie Port St Johns siku hiyohiyo. Kutoka Mthatha ni karibu kilomita 100 kwa barabara ya R61, inapita Libode, inazunguka vilima mpaka kushuka kwenye mto Mzimvubu. Mbuzi na ng'ombe wanalala kwenye lami. Nimesafiri sana kwa barabara za nchi ile, usiku sipandi gari. Ndege ya saa nane ikichelewa kidogo tu, mko njiani gizani. Laleni Mthatha. Asubuhi nendeni kwenye kituo cha taksi mjini, zile za watu kama kumi na tano, mwulize za Port St Johns. Inaondoka ikijaa, kwa hiyo fikeni mapema. Alasiri na Jumapili mtakaa mpaka mchoke. Nauli inapitishwa mbele mkono kwa mkono, na anayekaa mbele karibu na dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji za wote. Kama hesabu zako bado ni zile za shule ya msingi, kaa nyuma.

Nusu siku ikibaki Mthatha, ingieni makumbusho ya Mandela, yalifunguliwa mwaka 2000. Qunu alikokulia, na alikozikwa Desemba 2013, iko kando ya barabara ya N2 kusini ya mji.

Mfuko wa nguo za mjini msiupeleke Port St Johns. Hamrudi pale! Mtatokea Coffee Bay, na kutoka huko gari inaingia N2 pale Viedgesville, inarudi Mthatha. Acheni mizigo ya ziada Mthatha mlipolala. Gari za kutoka Coffee Bay kwenda mjini huondoka asubuhi sana, basi siku ya kuondoka msiweke ndege ya mchana. Wekeni siku moja tupu kati ya mwisho wa kutembea na ndege. Mto mmoja ukiwazuia, siku hiyo ndiyo itawaokoa tiketi.

Kwenye mito nitasema machache, lakini haya usiyaruke. Port St Johns ufuko wa Second Beach msiogelee, papa wameua watu pale. Kuna aina ya papa anayepanda hadi ndani ya mito, anapenda maji ya tope. Maji yakiwa na tope au mvua imenyesha juu, lipeni mtumbwi, hata kama wenzako wanasema ni kupoteza pesa. Msivuke maji yanapotoka kwa nguvu kwenda baharini, ngojeni yasimame. Mvuke palipo papana, juu kidogo ya mdomo, viatu miguuni, na mkanda wa kiunoni wa begi ufunguliwe, ili ukianguka uliache. Paspoti na kadi ya manjano ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko. Na mwenyeji akikuambia leo hapana, ni hapana. Bahari ile haina adabu: mwaka 1991 meli kubwa ya watalii, Oceanos, ilizama karibu na Coffee Bay. Watu 571 wote waliokolewa, wengine kwa helikopta, na nahodha alishuka kabla ya abiria wake. Mkichagua kiongozi wenu, mchague anayevuka wa mwisho.

Salimieni watu. "Molweni" mkikuta wengi, na wazee kwanza, kama hapa. Najua yaliyowapata wageni kule mwaka 2008, zaidi ya watu 60 waliuawa, na sijasahau. Yalikuwa mijini zaidi, lakini kopi ya paspoti ikae mfukoni na Kiswahili chenu msikipige kwa kelele usiku vituoni.

Jambo moja la afya. Pwani ile haina malaria, kwa hiyo daktari wa kule ukimfikia na homa hataiwaza. Mwambie kabla hajakuuliza kwamba umetoka Katanga, apime damu. Hata ukiwa umerudi Johannesburg, hata zikiwa zimepita wiki. Hili mwambie kila mmoja wa wenzako, na mama zao nitawaambia mimi.

Sasa tazama kalenda, tafuta mwezi mpevu wa Julai, weka mwanzo wa kutembea siku moja au mbili baada yake, toa siku nne nyuma kwa ajili ya kutua, Mthatha na kusubiri, kisha uniandikie tarehe. Iwe kabla ya Alhamisi. Yule anayeniwekea dola zangu anaenda mpakani Kasumbalesa Ijumaa, na akishavuka hatarudi mpaka mwezi ujao.

Baba yako anasema mchukue na ndoano.

Mama yako