Barua ya malalamiko: Mliniuzia protekta wenyewe, sasa mnaitumia kuninyima waranti

Tabata, Dar es Salaam

Kwa: Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA SIMU KWA MADAI KWAMBA KINGA YA KIOO IMEBADILISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua simu kwenye duka lenu la Kariakoo mwezi Novemba 2024, ikiwa na waranti ya miezi 12. Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), picha ya boksi lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na fomu ya kazi niliyopewa kwenye kituo chenu cha huduma. Simu imetoka mstari wa kijani kwenye kioo. Nimeileta ikiwa bado ndani ya muda, nikajibiwa kwamba waranti imekufa kwa sababu plastiki ya kiwandani imebanduliwa na kubandikwa protekta ya kioo. Nikitaka kutengenezewa, nilipe shilingi 340,000.

Naomba jibu hilo lifutwe na simu itengenezwe bila malipo. Nimeandika kwa urefu kwa sababu pale kaunta hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Nianze na hiyo protekta. Aliyeibandika ni kijana wenu wa mauzo, siku ileile ya kununua, juu ya meza yenu ya kioo, mbele ya bango lenu lililosema ukinunua simu unapata protekta kwa nusu bei. Simu ilitoka kwenye boksi ikiwa na plastiki nyembamba ya kiwandani. Akaniambia, "Mama, hii hata wiki haimalizi, itachubuka." Akainyanyua pembeni kwa ukucha, akaibandua yote, akafuta kioo kwa kile kitambaa chenye spiriti, akatoa vumbi kwa stika ya bluu, kisha akalaza protekta na kuisukuma hewa itoke kwa kadi. Kazi safi, simlaumu hata kidogo. Risiti yenu ina mistari miwili: wa kwanza ni simu, wa pili ni protekta, shilingi 15,000. VAT mmetoza kwenye yote miwili.

Kwa hiyo mnaposema kinga ya kioo "imebadilishwa", ni kweli, imebadilishwa na ninyi. Kama kubandua ile plastiki kunaua waranti, basi waranti yangu iliuawa kabla sijatoka mlangoni kwenu, na mwuaji alikuwa amevaa fulana yenye nembo yenu. Na kama ndivyo, mlitakiwa kuniambia kabla ya kupokea hela yangu, siyo miezi baadaye simu ikiwa imeharibika. Naongeza tu kwamba ukipita Mtaa wa Aggrey ukaomba uonyeshwe simu ambayo haijabandikwa protekta, utazunguka mpaka jioni. Mnalijua hilo, ndiyo maana mnaziuza.

Sasa tatizo lenyewe. Mstari ulitokea asubuhi moja baada ya simu kumaliza kuapdeti mfumo usiku. Ni mwembamba kama uzi wa cherehani, wa kijani kibichi, umenyooka kutoka juu kabisa mpaka chini bila kukatika. Nikifungua sehemu ya kupiga namba, unapita katikati ya 3, 6 na 9. Mimi nauza vitenge kwa WhatsApp. Mteja anapouliza kama ua lile ni la njano au la chungwa, mimi ndiye ninayepaswa kumjibu, na sasa kila kitenge ninachokitazama kina uzi wa kijani usiokuwepo. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwenye simu ya binti yangu: kwake mstari haupo. Maana yake picha inayotengenezwa na simu ni nzima, na kasoro iko kwenye kioo kinachoionyesha.

Fundi wenu alithibitisha jambo jingine kwa mikono yake. Alibandua protekta pale pale mbele yangu. Ilitoka nzima, kwa mkupuo mmoja, haikuacha hata tone la gundi. Mstari ukabaki vilevile. Kisha akachomoa kisahani cha laini, akamulika ndani kwa tochi kuangalia ile stika inayogeuka nyekundu simu ikiingia maji. Ilikuwa nyeupe. Akapitisha kidole kwenye kona zote nne za fremu kutafuta pa kuanguka, hakupata. Hayo yote aliyaandika kwenye fomu: hakuna ufa, hakuna maji, hakuna alama ya kuanguka, simu haijafunguliwa. Halafu, chini ya hayo yote, kwa kalamu nyingine, mtu mwingine akaandika kwamba waranti haipo kwa sababu ya protekta. Sijui huyo wa kalamu ya pili alikuwa anaangalia simu ipi.

Nimewauliza mafundi watatu tofauti kuhusu mstari wa namna hii, na wote wameufahamu kabla sijamaliza kueleza. Kioo cha aina ya OLED, kama cha simu yangu, hakina taa moja nyuma yake. Kila kinukta kinawaka chenyewe, na amri ya kuwaka au kuzima inapita kwenye utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kioo na saketi ya kukiendesha. Safu moja ya vinukta ikikosa mawasiliano sawasawa, inabaki imewaka muda wote. Ndiyo maana mstari unanyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kioo kilichopigwa au kukandamizwa kwa kawaida huacha ushahidi wake: ufa, au doa jeusi linalotanuka kama wino uliomwagika. Changu hakina hata kimoja.

Wala si ugonjwa uliozuka Tabata. Malalamiko ya mstari wa kijani yamezikumba simu za OLED za kampuni mbalimbali, na watumiaji wengi wamesema uliwatokea baada ya kuapdeti kama mimi. Huko India malalamiko yalipozidi, mwaka 2023 kampuni ya simu ya OnePlus iliahidi kushughulikia vioo vya simu zake zenye tatizo hilo hata kwa wale ambao muda wao wa waranti ulikwisha. Wangu haujaisha.

Najua mtanijibu kwamba protekta zinaharibu simu. Zipo zinazoharibu, na sitaki mfikiri nabisha nisilolijua. Ile protekta inayobandikwa kwa gundi ya maji kisha ikakaushwa kwa taa ya UV, ambayo watu wenye simu za kioo kilichopinda huipenda, ina hatari yake. Gundi ikizidi inatambaa. Inaingia kwenye tundu la spika ya sikioni, inaganda kwenye vitufe vya pembeni, inapenya mpaka kwenye mfuniko wa nyuma. Mwaka 2024 kampuni ya simu ya Xiaomi iliwatahadharisha wateja wake nchini China kuhusu protekta za aina hiyo, na kusema madhara yake hayaingii kwenye waranti ya bure. Hapo sina neno. Mtu akija na simu ambayo kitufe cha kuwashia kimegandishwa na gundi, mwonyesheni gundi hiyo, mwambieni alipe.

Vilevile zipo simu ambazo tabaka la juu si la kubandua kabisa. Zile Galaxy Fold za kwanza, simu za Samsung za kukunjwa, zilizopewa waandishi wazijaribu mwezi Aprili 2019, baadhi yao walibandua plastiki ya juu wakidhani ni ile ya kawaida ya kwenye boksi, na vioo vikafa. Samsung iliahirisha kuziingiza sokoni, na zilipotoka Septemba mwaka huohuo tabaka hilo lilikuwa limerefushwa mpaka chini ya fremu ili mtu asipate pa kushika. Mwaka huohuo tena ikaonekana kwamba baadhi ya protekta za silikoni kwenye Galaxy S10 zilifanya simu ifunguke kwa kidole cha mtu mwingine, na kampuni ikatoa marekebisho ya programu.

Katika visa vyote hivyo kuna kitu cha kuonyesha: gundi hii hapa, tabaka limebanduliwa na kioo kimekufa hapo hapo, kidole kigeni kimefungua simu. Protekta inaunganishwa na kasoro kwa njia inayoelezeka. Simu yangu haikunjwi. Kioo chake ni bapa. Protekta yake ilikuwa ya kujibandika yenyewe, bila gundi ya maji wala taa. Niambieni basi kipande kikavu cha kioo kilicholala juu kiliingiaje ndani kuugusa utepe wa nyaya. Nilimuuliza dada wa kaunta swali hilo akanijibu, "Mfumo ndio unakataa." Mfumo hauna macho. Aliyeiona simu ni fundi, na fundi hakuandika hivyo.

Nimekisoma pia kijitabu chenu cha waranti, kwa miwani, maana maandishi yake yameandikwa kama hayataki kusomwa, na Kiswahili hakimo. Kimeorodhesha yasiyohusika: kuanguka, maji, kufunguliwa na fundi asiyeruhusiwa, kubadilisha mfumo wa simu, kufuta IMEI, na uharibifu uliotokana na marekebisho au vifaa visivyoruhusiwa. Protekta haikutajwa popote. Hata mkiilazimisha iingie kwenye hicho kifungu cha mwisho, bado kinahusu uharibifu uliotokana na kifaa hicho, na bado kifaa chenyewe mmeniuzia ninyi. Ile plastiki ya kiwandani nayo imetajwa sehemu moja tu, kwamba ni kitu cha kuchakaa na hamtaibadilisha ikichubuka. Hamuwezi kuihesabu kama takataka inapochubuka, kisha ikibanduliwa iwe ndiyo moyo wa simu.

Kuhusu sheria nitasema machache. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabika kuwamo kwenye mauzo hata kama muuzaji hakuyaandika. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa na mwenye biashara hiyo kiwe na ubora unaofaa kuuzwa. Kumuuzia mtu protekta bila kumwambia kwamba mnaihesabu kuwa inaua waranti, kisha kuitumia kumkatalia, naona ni jambo ambalo Tume ya Ushindani ingependa kulisikia. Ningefurahi tusifike huko.

Lipo jambo dogo ambalo limeniudhi kuliko yote. Mlinitoza shilingi 20,000 za uchunguzi, na uchunguzi huo huo ndio uliosema simu haina kosa la mtumiaji. Kisha nilipoomba protekta yangu iliyobanduliwa nirudishiwe kama kielelezo, nikaambiwa imeshatupwa. Niliiona. Ilikuwa kwenye ndoo chini ya meza, na fundi mwenyewe akaniokotea. Ninayo, haina ufa, na nyuma yake bado kuna namba ya bidhaa inayolingana na iliyoko kwenye risiti yenu.

Ninachotaka ni hiki. Kioo kibadilishwe bila malipo kwa kioo kipya cha asili, na waranti ya kazi hiyo iandikwe. Nirudishiwe 20,000 ya uchunguzi. Protekta nyingine ibandikwe na mtu wenu, na safari hii iandikwe kwenye risiti kwamba haiathiri waranti. Kama mnaona haiwezekani kuandika hivyo, basi liondoeni lile bango dukani, maana jana bado lilikuwepo. Kama msimamo wenu unabaki kwamba protekta ndiyo iliyosababisha mstari, nataka maelezo ya kitaalamu kwa maandishi, yenye picha za kioo kilichofunguliwa na sahihi ya fundi aliyekifungua. Kauli ya kaunta sitaipokea tena.

Simu nimeichukua, sikuiacha kituoni, kwa sababu ndiyo ninayofanyia kazi, mstari na yote. Nitaileta siku mtakayonipangia, mradi nijulishwe siku moja kabla ili nihamishe laini kwenye simu nyingine. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha malalamiko rasmi Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote, ikiwemo protekta.

Namba yangu ya simu iko kwenye fomu ya kazi. Pigeni baada ya saa nne asubuhi. Kabla ya hapo nakuwa sokoni, na kwenye kelele zile sisikii.

Wenu,

Mteja (jina na sahihi kama kwenye risiti)

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya fomu ya kazi, pande zote mbili, picha ya boksi na IMEI, picha mbili za kioo chenye mstari, moja protekta ikiwepo na moja ikiwa imebanduliwa, picha ya bango la dukani.

Nakala: Meneja wa Duka, Kariakoo