Risala ya kikundi cha vijana wa habari za video mtandaoni, Kilindoni, Mafia, kwa Mgeni Rasmi katika maadhimisho ya miaka mitano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani mliofika na mlioko njiani,
Viongozi wetu wa dini, wazee wa Kilindoni, ndugu zetu mliovuka maji kutoka Chole, Juani na Jibondo,
Wanakikundi wenzangu,

Assalaam alaykum, na poleni kwa jua.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Tunalisema hili kwa furaha ya kweli, maana tumezoea kupokea wawakilishi, na mwakilishi hata akiguswa vipi hutuaga kwa neno moja: atayafikisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Historia yetu ni fupi na tutaipitia mbio. Tulianza mwaka 2020 tukiwa vijana 5 na simu 2, tukirekodi harusi, maulidi na mahafali. Habari hatukuthubutu kurusha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimeweka shilingi 100,000 za kuomba leseni na shilingi 1,000,000 za leseni yenyewe kwa mwaka. Ada ilikuwa ileile kwa chaneli kubwa ya Dar es Salaam na kwa sisi ambao watazamaji wetu tunawajua kwa majina ya baba zao. Baadaye Serikali ikaipunguza, tunaishukuru sana. Tukachangishana, mwenyekiti akauza mbuzi wake wawili (mkewe bado anaulizia), na mwaka 2023 tukapata leseni.

Mafanikio ni makubwa. Tumefikia wanachama 11, wawili kati yao wana stashahada ya uandishi wa habari. Tuna Idara ya Ufundi, ambayo ni kijana mmoja anayebadilisha vioo vya simu pale sokoni. Tuna Dawati la Kimataifa, ambalo ni shemeji wa katibu aliyeko Muscat. Yeye hutupigia saa yoyote akiona tumekosea jina la mtu au ukoo wake. Kisiwani Jibondo tuna dada mmoja anayekausha pweza. Simu yake ina ufa kwenye kamera, lakini chombo kikichelewa kurudi yeye ndiye wa kwanza kujua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Aliyepata kukaa kwenye kiti hicho ulichokalia leo alituuliza, kwa nia njema kabisa, kama habari za video mtandaoni zinaweza kweli kusimama kwenye wilaya ndogo iliyozungukwa na maji. Siku ile tulicheka tu kwa adabu. Leo tunaomba kumjibu kupitia kwako.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya. Vyombo vikubwa vya habari viliitangaza, na vilitangaza vizuri, kwa ramani na kasi ya upepo kwa saa. Lakini mvuvi aliyeketi mchangani hapimi upepo kwa ramani. Sisi tulimtafuta nahodha mmoja mzee, tukamsimamisha pwani ameshika kamba ya mashua, akaeleza kwa dakika mbili tu: chombo kipandishwe hadi wapi, kifungwe kwenye mnazi upi na kisifungwe kwenye upi, tanga livuliwe, na mashine ipelekwe nyumbani kwa mtu na si bandani. Akamalizia kwa kuwataja kwa majina vijana watatu ambao yeye anajua huwa hawasikii. Tarehe 4 Mei kimbunga kikatua hapahapa Mafia. Wale vijana watatu vyombo vyao vilikuwa juu, chini ya minazi, na mmoja wao yupo humu ukumbini, anainamisha kichwa sasa hivi.

Kwenye YouTube video ile ilitazamwa mara 312. Kwa wanaohesabu watazamaji, tumeshindwa. Ila tulipopita pwani jioni ile hatukukuta chombo hata kimoja kwenye maji.

Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo, Mheshimiwa, na tunaomba utuvumilie kidogo kwenye hesabu. Ili YouTube ianze kugawana nasi mapato ya matangazo, chaneli inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuasi tumewapata, shemeji wa Muscat amefanya kazi. Saa ndizo zinazotuua. Habari ya dakika tatu ikitazamwa mpaka mwisho na watu 1,000 inaleta saa 50. Maana yake tunahitaji habari 80 za namna hiyo kwa mwaka, na katika kisiwa hiki watu 1,000 hawaachi shughuli zao kutazama kitu kimoja isipokuwa papa potwe amekaribia ufuko au kuna ugomvi kwenye harusi. Isitoshe, watu wetu hawatazami YouTube. Bando linakula. Mmoja anaipakua, anairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kuanzia hapo inatembea Kirongwe, Baleni, Bweni, hadi kwa walioko Dar es Salaam, bila kuhesabiwa popote. Tunatazamwa sana na hatulipwi kitu.

Matangazo ya biashara yapo, tusiseme uongo. Fundi wa majahazi alitulipa kwa mbao za meza. Mgahawa mmoja hutulipa kwa chapati, na chapati zao ni nzuri, lakini ada ya leseni hailipwi kwa chapati.

Yapo na mengine ya udogo ambayo mtu wa mjini hayajui. Mwaka jana tulirusha habari ya watu waliovua pweza kwenye mwamba uliofungwa kwa muda ili pweza wakue. Mmoja wao ni mjomba wa mhariri wetu. Mhariri akairusha. Mama yake alikaa wiki mbili hasalimiwi kisimani. Huku huwezi kuandika habari ukajificha; jioni utakutana na uliyemwandika msikitini, na kesho yake yeye ndiye mwenye boti unayotaka kupanda. Kwa sababu hiyohiyo huku huwezi kuongopa. Ukikosea, marekebisho yanakuja mlangoni, na wakati mwingine yanakuja na fimbo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sasa tunaomba ruhusa tuingie kwenye jambo letu. Ni moja tu. Tulikuwa na orodha ya mahitaji tisa, tukaipitia kwenye kikao usiku wa juzi, tukayakata manane, kwa kuwa tumejifunza kwamba mgeni akipewa orodha ndefu huchagua lile jepesi. Hatuombi posho. Hatuombi fulana; kila mmoja wetu anazo tatu, za kila kampeni iliyowahi kupita hapa.

Tunaomba kompyuta moja ya kuhariria video.

Kazi yote uliyoisikia tunaifanya kwenye simu mbili, moja ya katibu na moja ya mweka hazina. Video ikizidi dakika nne simu inapata moto kama pasi. Tumegundua dawa yake: tunaiegemeza kwenye mtungi wa maji pale ofisini, upande wa kivulini, na mmoja anakaa karibu na kitambaa kikavu ili isilowe. Ndiyo maana wakati mwingine kwenye habari zetu unasikia kata ikigonga mtungi. Ikiisha kuiva tunasubiri saa sita usiku bando liwe rahisi, ndipo tunairusha, na mara nyingi inafika nusu na kukatika, tunaanza upya. Habari ya asubuhi inafika kesho yake, watu wameshaijua tangu jana kwa midomo.

Na simu hujaa. Likija la leo, la jana linafutwa. Tuliwahi kukaa na mzee mmoja wa Chole kwa muda mrefu, akatusimulia namna alivyosafiri kwa jahazi la nazi akiwa kijana, bandari baada ya bandari, na majina ya manahodha wote. Tulirusha dakika tatu tu, nyingine tukaziweka kwenye simu tukisema tutazirudia. Yakaja mahafali, wazazi walikuwa wamelipa, simu imejaa. Tukafuta. Miezi michache baadaye mzee akatangulia mbele ya haki. Wanawe walikuja ofisini na soda, kwa heshima zote, kuomba ile video nzima wawasikilizishe wajukuu. Ilibidi katibu awaeleze. Zile soda hakuna aliyezifungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Ombi hili si geni, na ingekuwa utovu wa adabu kulileta kwako kana kwamba hakuna aliyelisikia kabla yako. Mwaka 2023, siku ya uzinduzi wa chaneli, mgeni rasmi wa siku hiyo alisimama akasema kompyuta tutaipata kabla ya Ramadhani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hakusema Ramadhani ipi, na kosa ni letu, hatukuuliza. Mwaka 2024, baada ya Hidaya, mgeni mwingine aliyeguswa sana na kazi yetu aliahidi kompyuta mbili. Wiki iliyofuata alikuja kijana mwenye futi ya fundi akapima ofisi yetu, akaandika urefu na upana kwenye daftari, akauliza soketi ziko ngapi. Tukatoa mbao za yule fundi wa majahazi, tukachonga meza, tukatandika kitambaa. Hadi leo meza ipo. Mwenyekiti huilia chakula cha mchana.

Kwa hiyo katika vitabu vyetu tunadai kompyuta tatu, na hatujaona hata waya. Hatuwalaumu viongozi wetu. Majukumu ni mengi, na ahadi njiani hukutana na mambo. Tunataja tu kwa sababu sisi ni watu wa kurekodi. Ahadi zote mbili zipo kwenye chaneli yetu, sauti safi, sura zinaonekana. Ile ya 2024 ndiyo video yetu ya pili kwa kutazamwa, nyuma ya papa potwe. Wananchi huirudia sana, hatujui wanatafuta nini.

Lipo neno moja ambalo kikao kiligawanyika kama lisemwe, na waliotaka lisemwe walizidi kwa kura moja. Mwaka jana tulionyesha gati moja lisilo na taa, akina mama wanashuka na watoto mgongoni usiku, wanamulika kwa simu. Siku ya tisa taa ikawashwa. Kuna waliotushauri kwamba mtu anayeomba kompyuta asionyeshe magati. Tunakuomba utuelewe, Mheshimiwa: ukitupa kompyuta tutakushukuru hadharani, na taa ile ikizimika tutakwenda kuipiga picha tena, safari hii kwa ubora zaidi.

Ili tusikusumbue kwa maneno, tumeomba ankara ya makisio kutoka duka moja la Kariakoo. Kompyuta, diski ya kuhifadhia na kifaa cha kulinda umeme, vyote kwa pamoja ni shilingi 2,850,000, na tumeahidiwa kuvushwa bure kutoka Nyamisati na baharia ambaye mdogo wake tulimrekodia harusi. Ankara hiyo ni halali kwa siku 30 kuanzia Jumatatu iliyopita. Mweka hazina anayo kwenye bahasha ya kaki, ameketi safu ya pili, amevaa kanzu nyeupe, na atakufuata kokote utakakopita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunakushukuru tena kwa kutusikiliza. Ratiba inaonyesha kwamba sasa utasema neno. Tunaomba ulisemee pale mbele, kwenye alama ya chaki tuliyochora sakafuni, kwa kuwa hapo ndipo mwanga wa dirisha unapoangukia vizuri. Simu ya katibu imeshapozwa kwenye mtungi tangu asubuhi, na tumeifutia nafasi ya dakika ishirini.

Naomba kuwasilisha.