Kabla hujavuta pumzi nyingine: barua kwa mwanangu

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hayo uliyonieleza, midomo kufa ganzi, kizunguzungu, vidole kujikunja vikakataa kunyooka, hayakutokana na kukosa hewa, bali na kuhema haraka mno kwa wasiwasi. Kile kipimo cha kidole kilisoma asilimia 99, maana yake oksijeni ilikuwa tele. Kilichopungua ni kaboni dayoksaidi.

Shuleni mlifundishwa kuwa ni hewa chafu, lakini mwili unaihitaji. Ukihema mbiombio unaitoa kuliko inavyotengenezwa. Damu inaegemea upande wa alkali (kinyume cha asidi), mishipa ya ubongo inasinyaa, kichwa kinakuwa chepesi. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu nayo inashuka, ndipo neva na misuli vinapohangaika mpaka vidole vinakakamaa. Unaogopa, unahema zaidi. Waliokupigia kelele "vuta pumzi kwa nguvu!" walikuongezea mzigo.

Ikianza tena, keti, legeza mkanda na mabega. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Funga mdomo, vuta kwa pua polepole ukihesabu hadi nne. Mkono wa tumboni ndio uinuke. Toa ukihesabu hadi sita, kama unayepoza uji. Hizo ni pumzi kama 6 kwa dakika. Mwanzoni utahisi hewa haitoshi, utatamani kupiga miayo au kushusha pumzi ndefu. Meza mate, endelea. Vidole vitanyooka vyenyewe, asivivute mtu. Jizoeze asubuhi na jioni ukiwa mzima, kwa sababu hofu ikishapanda hakuna anayejifunza kitu.

Mambo ya kuhemea ndani ya mfuko wa karatasi achana nayo, na kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndiyo kabisa: kama kumbe ni pumu au nimonia, oksijeni itashuka vibaya.

Tena si kila kuhema ni wasiwasi. Malaria kali hujaza damu asidi, na mgonjwa huhema haraka na kwa kina ili kuipunguza. Kisukari kilichopanda hufanya vivyo hivyo, pamoja na kiu na kukojoa sana. Kifua kikipiga mluzi, kikiuma, ukiwa na homa, au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali mara moja, na usipande boda peke yako.

Mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20 kwa dakika. Jihesabu kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, dakika nzima, kisha nitumie hesabu za wiki.

Mama yako